Si kila push iwashe bildi

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Mtwara mjini, Ligula, nikitunza programu ya simu ambayo makarani wa chama kimoja cha msingi hupimia magunia ghalani. Tarehe 19 Oktoba, siku mbili kabla ya mnada, karani akanipigia kutoka Tandahimba: "Kaka, mzigo wa mzee mmoja umeingia mara mbili." Kosa nililipata ndani ya nusu saa. Nikarekebisha, nikasukuma msimbo (ndiyo push) GitHub, mtandao unaouhifadhi na kuujenga kuwa programu; ujenzi huo, yaani bildi, ukagoma kuanza. Dakika za mwezi za kuendesha bildi zilikuwa zimekwisha.

Akaunti ya bure ina dakika 2,000 kwa mwezi kwa repo (hifadhi za msimbo) za faragha. Zangu zililiwa na mstari mmoja wa faili linaloiambia GitHub lini iwashe bildi: `on: [push, pull_request]`, bila kutaja tawi (nakala ya msimbo unayoifanyia kazi pembeni). Tawi likishafunguliwa ombi la kuunganishwa (`pull_request`), kila ukisukuma zinaanza bildi mbili za msimbo uleule. Yangu moja ilikula dakika 11, mbili ni 22. Ukisukuma mara tisini hivi mwezi umekwisha, hata kama nusu yake ulikuwa unasahihisha herufi kwenye README, faili la maelezo.

Sasa `push` naiwekea tawi kuu, `main`, peke yake, matawi mengine yanasubiri `pull_request`. Chini yake naweka `concurrency` yenye `cancel-in-progress: true`: nikisukuma tena kabla bildi ya kwanza haijaisha, ile ya zamani inakatishwa. Hapo ndipo nilipookoa dakika nyingi zaidi. `paths-ignore` kwa mafaili ya maelezo nayo inafaa, ila kama bildi hiyo umeifanya sharti la kuunganisha, ikirukwa GitHub itakaa inaisubiri na ombi lako litakwama.

Kwenye ratiba, yaani bildi zinazojiwasha kwa saa uliyopanga, saa ndiyo inayotusumbua sisi. Ukiandika `0 2 * * *` (dakika 0, saa 2, kila siku) ukidhani ni saa nane usiku, bildi itawaka saa kumi na moja alfajiri, maana kwa kawaida ratiba husomwa kwa UTC, saa ya dunia ya marejeo, nasi tuko saa tatu mbele. Saa nane usiku yetu ni 23 kwao, tena ya siku iliyopita. Kwa hiyo bildi ya usiku wa kuamkia Jumatatu naiandika Jumapili, ile 0 ya mwisho: `17 23 * * 0`. Hiyo dakika ya 17 ni ya makusudi. Saa inapoanza foleni huwa ndefu, bildi huchelewa.

Weka pia `workflow_dispatch`, kitufe cha kuwasha bildi kwa mkono. Faili lake lisipokuwa kwenye tawi kuu, kitufe hukioni. Wiki ya mnada mimi nazima ratiba zote, nabaki na kitufe hicho, dakika zisubiri dharura.

Siku ile nilibildi kwenye kompyuta yangu, nikamtumia karani APK, faili la kusakinisha programu ya Android, kwa WhatsApp. Aliiweka saa nne usiku, yuko ghalani na tochi, akanisomea orodha upya kwa simu. Mzigo wa mzee: magunia 14, si 28.