Jibu: Kwa nini mtoto mwenye malaria kali apewe pia antibayotiki?

Ndugu, umeuliza kwa nini mpwa wako, aliyelazwa hapa Tanga akiwa na degedege na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, alichomwa artesuneti (sindano ya kutibu malaria kali) na bado akaongezewa antibayotiki, kana kwamba daktari alikuwa akibahatisha. Sidhani kama alibahatisha. Katika maeneo ambako watoto wengi hubeba vimelea bila kuugua, kipimo huthibitisha kuwa vimelea vimo mwilini, lakini hakithibitishi kuwa ndivyo vilivyomzidi mtoto. Huenda bakteria nao wameingia katika damu, na hao huua upesi. Utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa chini ya nusu ya wagonjwa waliotibiwa kama wenye malaria kali ndio walioonekana na vimelea kwenye hadubini; yaani waliobaki huenda waliugua kitu kingine.

Kuhusu artesuneti yenyewe sina shaka. Jaribio la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ambalo hospitali yetu ya Muheza, hapa mkoani Tanga, ilishiriki (jambo linalonipa fahari), lilionyesha mwaka 2010 kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti, dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini.

Mtoto akishaweza kumeza, baada ya saa 24 za sindano au zaidi, ni lazima amalize dawa mseto ya malaria, ya kumeza kwa siku 3. Mkirudi nyumbani, mwangalieni kama viganja vinapauka au mkojo unakuwa mweusi, kwani damu huweza kupungua hata wiki moja au mbili baada ya matibabu. Mkiona hivyo, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.