Maswali ya wasomaji: Solaris ya zamani inapokataa kukompaili

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wenye kompyuta za zamani za kampuni ya Sun zinazoendeshwa na Solaris, yaani Unix ya Sun yenyewe, hasa Ultra 5 na Ultra 10, walizozipata pale ofisi au maabara ilipobadilisha vifaa. Nimefurahi sana kuzisoma. Mashine hizi ni shule nzuri ya Unix, na mtu aliyezizoea hatababaishwa na seva yoyote atakayokutana nayo kazini.

Ombi moja kabla ya kuanza. Wengi mmenitumia mstari wa mwisho tu wa kwenye skrini, ule wa "Error 1". Mstari huo unasema kwamba make, programu inayoongoza kazi ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu), imeshindwa, na hilo ulishalijua. Ninachohitaji ni hitilafu ya kwanza, ambayo mara nyingi imeshapita huko juu zamani. Andika `make 2>&1 | tee make.log`, kisha fungua faili hilo ulisome kuanzia juu. Kwa `./configure`, ile skripti inayoikagua mashine kabla ya make, kazi hiyo umeshafanyiwa: kila kitu kimo ndani ya `config.log`.

Yaya, nimeweka gcc, kompaila ya GNU, kwenye Solaris 10 na inajibu vizuri. Lakini configure inalalamika kwamba haioni `make` wala `ar`, na nikijaribu `cc` naambiwa "language optional software package not installed". Je, nimeuziwa diski mbovu? (Mwanafunzi, Katuba)

Diski yako ni nzima, mdogo wangu. Sun walikuwa wanauza kompaila yao kando, kwa hiyo ile `/usr/ucb/cc` uliyoikuta ni skripti tu inayotafuta kompaila ambayo haipo. Achana nayo. `make`, `ar`, `ld` na wenzao wamo katika saraka ya `/usr/ccs/bin`, ambayo PATH ya kawaida (orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa) haiifikii. Weka hivi:

`PATH=/usr/sfw/bin:/usr/ccs/bin:/usr/bin:/usr/sbin; export PATH`

Kisha anza configure upya kwa `CC=gcc ./configure`. Ikiwa bado inalalamika, basi aliyeiweka Solaris alichagua vifurushi vichache. Angalia kwa `pkginfo SUNWbtool SUNWsprot SUNWhea`. Hicho cha mwisho ndicho chenye faili za vichwa. Kikikosekana, hata programu ya mistari mitatu itakwama kwenye `stdio.h`. Vyote vimo kwenye CD za Solaris zenyewe na vinawekwa kwa `pkgadd`, bila intaneti.

Programu yetu ndogo ya mtandao inakompaili bila shida kwenye Linux. Kwenye Solaris inaenda vizuri mpaka mwisho, kisha inatoa orodha ya "Undefined symbol": `socket`, `connect`, `gethostbyname`. Msimbo ni uleule. (Fundi wa mitandao, Kampemba)

Kukompaili kumekwisha salama. Kilichokwama ni kuunganisha. Kwenye Linux fanksheni za mtandao zimo ndani ya maktaba ya C yenyewe. Solaris 10 na zilizoitangulia zimezitenga: `socket` na `connect` ziko kwenye libsocket, `gethostbyname` iko kwenye libnsl. Jibu ni `LIBS="-lsocket -lnsl" ./configure`. Ukiwa na Makefile iliyoandikwa kwa mkono, maktaba hizo zikae mwishoni mwa mstari wa kuunganisha, baada ya faili za `.o`. Usiziweke kwenye LDFLAGS, maana LDFLAGS hutangulia.

Na hapa niwaonyeshe kitu ambacho wengi hawakitumii. Fungua `man -s 3socket socket`. Juu kabisa, kabla ya maelezo yoyote, utaona mstari unaoanza na `cc` na kutaja `-lsocket -lnsl`. Waandishi wa Sun waliandika hivyo kwa fanksheni zilizo nje ya maktaba ya C: ukurasa wa kila moja unakutajia maktaba unayotakiwa kuiunganisha. Ukikutana na `nanosleep` kwenye Solaris 8, huna haja ya kuuliza mtu; ukurasa wake utakuambia `-lrt`. Nawasihi mzisome kurasa hizi. Zimo ndani ya mashine hata siku ambayo huna kifurushi cha intaneti, na zimeandikwa kwa uangalifu ambao siku hizi ni adimu.

Nilifuata ushauri nikaandika `crle -l /usr/local/lib` ili programu zione maktaba zake. Sasa hakuna amri inayofanya kazi, hata `ls`. Nimebakiwa na dirisha moja la root. (Kamalondo)

Usilifunge dirisha hilo, na usizime mashine. Andika:

`LD_NOCONFIG=yes /usr/bin/rm /var/ld/ld.config`

Amri zako zitarudi palepale. Ulichofanya ni kuiambia mashine itafute maktaba zote ndani ya `/usr/local/lib` peke yake, hata ile ya C ambayo kila amri inaitegemea. Kuongeza bila kufuta kunahitaji `-u`, yaani `crle -u -l /usr/local/lib`.

Hata hivyo, mimi naona crle iachwe kabisa kwa kazi ya namna hii. Njia safi ni kuiandika saraka ndani ya programu yenyewe wakati wa kuunganisha: `LDFLAGS="-L/usr/local/lib -R/usr/local/lib"`. Ile `-L` inamwonyesha kiunganishi maktaba ilipo leo. `-R` inabaki ndani ya programu na kuielekeza kila inapoanzishwa. Watu huweka `-L` wakasahau `-R`, programu inakompaili vizuri, kisha ikianza inatoa mstari unaoanza na "ld.so.1", wenye neno "fatal" na jina la maktaba isiyoonekana. Hakikisha kwa `ldd` kabla ya kumkabidhi mtu mwingine.

Umeme ulikatika usiku. Asubuhi mashine imewaka, lakini configure inasema "newly created file is older than distributed files! Check your system clock". Rafiki ameniambia nipige `touch` kwenye faili zote. Ni sawa? (Likasi)

Usianze na touch. Andika `date` kwanza. Karibu hakika utaona mwaka uliopita zamani. Ndani ya Ultra 5 na Ultra 10 kuna chipu ya M48T59 yenye saa pamoja na betri, vyote katika kipande kimoja. Betri ikishakufa, saa inaishi mradi mashine ina umeme. Umeme ukiondoka, tarehe inaondoka nao. Chipu hiyohiyo inatunza anwani ya Ethernet na hostid, kwa hiyo kama wakati wa kuwaka uliona maneno "IDPROM contents are invalid", ugonjwa ni huohuo. Chipu inakaa kwenye soketi na inabadilishika. Kabla ya kuing'oa, andika `banner` kwenye alama ya `ok`, ile inayotokea kabla Solaris haijaanza, na kama anwani bado inaonyeshwa, inakili kwenye karatasi.

Wakati unasubiri chipu, weka tarehe kwa mkono. `date 061409302026` ni tarehe 14 Juni 2026, saa tatu na nusu asubuhi: mwezi, siku, saa, dakika, mwaka. Kisha `make clean`, na uanze upya.

Kwa nini si touch? Make haiangalii kilichomo ndani ya faili. Inalinganisha saa tu: ikiwa `.c` ni mpya kuliko `.o` yake, inakompaili tena. Msimbo uliotoka kwenye tar umekuja na tarehe zake sahihi, pamoja na mpangilio unaoonyesha kwamba faili la configure lilizaliwa baada ya `configure.ac`. Ukipiga touch kila kitu, mpangilio huo unavurugika, na make inaanza kuita automake na autoconf ambazo huna. Utakuwa umebadilisha hitilafu moja kwa tatu.

Kuna tatizo jingine la saa ambalo ni la kwetu hasa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja. Mtu anaweka Solaris, anaitafuta Kongo kwenye orodha, anaikuta Kinshasa kwanza na kuichagua, halafu anaweka saa kwa kuangalia ya mkononi. Skrini inaonyesha saa sahihi, lakini ndani Unix inahesabu kwa UTC, na kwa hesabu hiyo mashine iko saa nzima mbele. Ikiwa peke yake hutagundua. Ikishiriki saraka kupitia mtandao, yaani kwa NFS, na mashine nyingine iliyowekwa vizuri, faili zake zinaonekana zimetoka siku zijazo, na gmake inatoa "Clock skew detected". Fungua `/etc/TIMEZONE`, andika `TZ=Africa/Lubumbashi`, washa mashine upya, kisha weka tarehe tena.

Umeme ukikatika katikati ya make, lazima nianze mwanzo? (Dada wa Ruashi)

Hapana, dada. Iite make tena, itaendelea ilipoishia. Ila tafuta kwanza vipande vilivyokatwa: `find . -name '*.o' -size 0` itakuonyesha faili tupu, uzifute. Futa pia faili la `.o` lililokuwa la mwisho kuandikwa, hata kama lina ukubwa. Na kama unatumia Solaris 8, ongeza `logging` kwenye safu ya mwisho ya `/etc/vfstab` kwa diski yako ya kazi, ili kila delestaje (mgao wa umeme) isikuletee fsck ndefu, yaani ukaguzi wa diski.

Nakompaili programu kubwa ya C++ kwenye Ultra 10 yenye memori ya MB 256. Inakufa kwa "out of memory", ingawa `df` inaonyesha diski ina nafasi tele. (Bukavu)

Uko kwenye saraka gani, kaka? Nadhani `/tmp`. Kwenye Solaris `/tmp` haiko kwenye diski; ni tmpfs, na kila unachokiweka humo kinakula memori na swapu ileile ambayo kompaila inaihitaji. Hamishia msimbo kwenye `/export/home`, kisha hakikisha kwamba gcc nayo haitupi faili zake za muda humo: `TMPDIR=/var/tmp; export TMPDIR`. Halafu, kama root, ongeza swapu:

`mkfile 512m /export/home/swapfile`
`swap -a /export/home/swapfile`

`swap -l` itakuthibitishia. Ikiwa kuna faili moja tu linaloua kila kitu, likompaili hilo peke yake kwa `-O0`, mengine uyaache yalivyo. Itakwenda polepole, lakini itafika.

Kompaila inakufa kwa "Segmentation Fault", kila mara kwenye faili tofauti. Nikirudia make, inapita pale ilipokwama na kufia mbele. (Kenya, Lubumbashi)

Hitilafu ya msimbo, au ya kompaila yenyewe, hurudi mahali palepale. Inayohamahama kwa kawaida ni ya vifaa, na ninayemshuku kwanza ni memori. Kiangazi chetu kinajaza mashine vumbi jekundu. Zima, chomoa waya wa umeme, toa vipande vya memori, futa migusano yake kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, virudishe mpaka vishike. Ikiendelea, jaribu kuviondoa kwa jozi, jozi moja baada ya nyingine.

Maswali matatu mafupi yaliyoletwa na wengi

"Unexpected end of line seen": Makefile imeandikwa kwa make ya GNU. Tumia `gmake`, ambayo kwenye Solaris 10 iko `/usr/sfw/bin`.

Faili la ajabu liitwalo `@LongLink`, na majina yaliyokatika: tar ya Solaris haielewi namna tar ya GNU inavyohifadhi majina marefu. Futa ulichofungua, ufungue tena kwa `gtar`.

Configure inayokufa kwa "syntax error" kwenye mstari wenye `$(`: `/bin/sh` ya Solaris 10 na za nyuma yake ni shell ya Bourne ya asili, haijui maandishi hayo. Ita `CONFIG_SHELL=/bin/bash /bin/bash ./configure`.

Programu ninayoitaka inadai C++11 (toleo la 2011 la lugha ya C++), na gcc niliyo nayo ni 3.4.3. Je, nikompaili gcc mpya mwenyewe? (Mwanafunzi wa chuo, Lubumbashi)

Inawezekana, lakini ni ngazi yenye vidato kadhaa. Kuanzia toleo la 4.8 la mwaka 2013, gcc inahitaji kompaila ya C++ ili ijengwe, kwa hiyo ningepanda kwanza hadi 4.7, kisha juu zaidi, huku nikibeba maktaba za GMP, MPFR na MPC. Na kuna dari: Solaris 8 inaishia 4.7, Solaris 9 inaishia 4.9, Solaris 10 inaishia 9. Kwa Ultra 5 hizo ni siku za kazi mfululizo, na umeme wetu unaujua.

Mimi ningetafuta kwanza toleo la nyuma la programu hiyohiyo, la kabla ya kudai C++11. Likikosekana, angalia vifurushi vya OpenCSW vya Solaris 9 na 10, ambavyo vimeshakompailiwa kwa SPARC, prosesa ya mashine hizi. Usihangaike kupakua kwa wget ya zamani ya Solaris. Tovuti nyingi za leo zinadai toleo la TLS (usimbaji wa mawasiliano) ambalo wget hiyo hailijui. Pakua kwenye laptopu. Ultra 5 haina tundu la USB, basi unganisha kebo ya mtandao na utumie ftp, lakini andika `bin` kabla ya `put`, la sivyo faili linaweza kufika limeharibika. Likishafika, lipime kwa `digest -a md5` na ulinganishe namba na ile ya kwenye laptopu kabla ya kulifungua.