Barua kwa mwanangu: moshi unaouvutia nje

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, nimeurudia mara tatu. Kwanza hongera, wewe na mkamwana wangu. Mama yako alipozisikia habari za hiyo mimba ya miezi miwili alitoa chozi. Swali lako la mwisho ndilo lililoninyima usingizi: "Baba, mke wangu hajawahi kuvuta sigara. Navuta mimi, tena natoka nje. Mtoto atadhurikaje, wakati simbebi mimi?"

Hata mimi nilimwambia mama yako hivyo hivyo, ukiwa tumboni mwake. Tena mimi hata nje sikutoka. Nilimaliza pakiti kwa siku, sebuleni, yeye ameketi pembeni yangu. Ulizaliwa wiki ya 35, una kilo mbili na gramu mia moja. Nilipokuja kukubeba, muuguzi alinisimamisha mlangoni, akaniambia nikanawe na nibadilishe shati, kwa kuwa nilinuka tumbaku. Siwezi kuapa kwamba ulizaliwa kabla ya wakati kwa sababu ya sigara zangu. Kwa mtoto mmoja hakuna daktari anayeweza kulisema hilo kwa uhakika. Wala siwezi kuapa kwamba hazihusiki, na hilo ndilo ninaloishi nalo.

Mtoto aliye tumboni havuti pumzi. Oksijeni yake yote huletwa na damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Sasa moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, ikakalia nafasi yake. Nikotini nayo hubana mishipa ya damu. Mama anayevuta mwenyewe huzaa mtoto mwepesi kwa gramu 200 hivi kwa wastani, na hatari ya mimba kutoka, ya mtoto kufia tumboni au kuzaliwa njiti hupanda. Anayevutishwa na mumewe hupata kiasi kidogo zaidi, lakini sumu ni ileile na njia ni ileile. Wala si habari mpya: mwaka 1957 mtafiti wa Marekani, Winea Simpson, aliandika kwamba wanawake wanaovuta hujifungua njiti takriban mara mbili zaidi ya wasiovuta. Mimi sikutaka tu kusikia.

Kutoka nje kunasaidia, sikunyimi haki hiyo. Ila moshi unarudi nao kwenye nguo, nywele na vidole, na kwa dakika kadhaa bado unautoa kwenye pumzi. Mtoto akishazaliwa ndiyo utambeba kifuani. Njia zake za hewa ni nyembamba mno. Watoto wa nyumba zenye moshi huugua zaidi kifua na masikio, na hatari ya kufa ghafla usingizini huwa kubwa zaidi. Ukiwa bado unavuta, usilale naye kitanda kimoja hata kidogo. Sigara za kielektroniki nazo usinibadilishie. Nikotini ni ileile.

Mimi niliacha ulipofikisha miezi minne, baada ya kushindwa mara mbili. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: kichwa kinauma, hasira ziko karibu. Muulize mfamasia kuhusu plasta au bazoka za nikotini, za kwako wewe, si za mkeo. Usimwachie yeye kazi ya kukukumbusha. Ana mzigo wa kutosha. Kaboni monoksidi hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ukianza leo, kufikia kesho kutwa pumzi yako itakuwa nyingine.

Tamaa ikikubana usiku, nipigie, hata saa tisa. Simu nitailaza kando ya mto.

Baba yako