Sikio likigoma, usilazimishe kushuka
Pole sana, ndugu. Umesema ulipozamia na mtungi wa hewa pale Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, masikio yalianza kukuuma ulipofika kina cha mita 3 tu, nawe ukaendelea kushuka. Kosa liko hapo. Anza kuyazibua ukiwa bado juu ya maji: bana pua, funga mdomo, sukuma hewa puani taratibu mpaka usikie kamlio kadogo masikio yote mawili. Rudia kila baada ya nusu mita hivi, kabla hayajauma, maana ukifika mita 10 shinikizo limeshakuwa mara mbili ya lile la juu. Sikio likigoma, panda kidogo, meza mate, jaribu tena. Usipulize kwa nguvu, utapasua kiwambo cha sikio. Mimi nikiwa na mafua sizami kabisa, hata kama boti imeshalipiwa.

Kuibuka ndiko kunakonitia hofu zaidi. Usizuie pumzi hata kidogo! Hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri unavyopanda, na inaweza kuyapasua. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, tulia kwenye mita 5 kwa dakika 3, kisha malizia huku umeinua mkono, macho juu, ukisikiliza injini za boti.