Sauti imekauka wiki ya tano: je, kipimo cha damu na mate kinatosha?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 52 na nilivuta sigara kwa miaka mingi kabla ya kuacha. Sauti yangu imekauka, hii ni wiki ya tano, ingawa sina maumivu yoyote. Kliniki moja binafsi inatoa huduma ya kupima saratani ya mdomo na koo kwa damu na mate, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Wakiniambia niko salama, niwaamini?

Jibu: Hapana, na kama bado hujalipa, nakusihi usilipe. Hakuna kipimo cha damu wala cha mate kinachoweza kuthibitisha au kukanusha saratani ya koo kwa mtu mwenye dalili kama yako. Vipimo vya mate mara nyingi hutafuta kirusi cha HPV, ambacho aina yake ya 16 inahusika kweli na saratani nyingi za mafindofindo na za shina la ulimi. Lakini wengi wanaokutwa nacho mdomoni mwili wao hukiondoa bila wao kuugua, na saratani ya nyuzi za sauti kwa aliyevuta sigara kwa kawaida haitokani nacho. Ukiambiwa hakipo, utatulia bila sababu; ukiambiwa kipo, utaingiwa na hofu bila kujua kama unaumwa.

Unachohitaji ni koo lako kuangaliwa. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mtu aliyevuta sigara, inapaswa kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Atakupulizia dawa ya ganzi puani, kisha atapitisha kamera laini, nyembamba kuliko penseli, hadi juu ya zoloto (sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti), na atakuomba utamke "iii" ili aone nyuzi zote mbili zikikutana. Kazi hiyo huchukua dakika chache na inakera zaidi ya kuuma. Mara nyingi tunachokuta ni uvimbe usio wa saratani au mwasho wa tindikali ya tumboni. Hata pale inapokuwa saratani, nyuzi za sauti zina jambo moja jema: uvimbe mdogo tu huharibu sauti, kwa hiyo anayewahi mara nyingi hupona kwa mionzi peke yake au kwa upasuaji wa leza. Ndiyo maana wiki unazopoteza kwa jibu la uongo zinaniuma.

Kasoro ikionekana, kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kwa hadubini. Kwenye ulimi au shavu ganzi hutosha; kwenye nyuzi za sauti kwa kawaida mgonjwa hulazwa usingizi. Picha za CT au MRI huonyesha ugonjwa umeenea wapi, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kipande hicho. Na ikiwa una uvimbe shingoni, ufyonzwe kwanza kwa sindano ili chembe zake zipimwe; usikubali mtu aukate wote kabla koo halijachunguzwa, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuvuruga matibabu yatakayofuata.

Sina tatizo na kliniki binafsi kwa jumla. Nyingi hukuona mapema, na katika jambo hili mapema ni kitu kikubwa. Uliza tu kabla ya kulipa: ni nani atakayeniangalia, na ana kamera ya koo? Kipande kitasomwa maabara gani, na baada ya siku ngapi? Ikithibitika ni saratani, mtanipeleka wapi? Swali hili la mwisho ndilo zito zaidi, kwa sababu tiba huhitaji daktari wa upasuaji, wa mionzi na wa dawa za saratani wakae pamoja juu ya faili lako, na kliniki ndogo ni nadra kuwa nao wote. Chukua nakala ya ripoti na picha zako, na uulize jinsi ya kukipata kipande chenyewe, ambacho maabara hukihifadhi ndani ya nta, kwani hospitali utakayopelekwa inaweza kutaka kukisoma upya.

Weka miadi wiki hii, na umtajie daktari ulivuta sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, kama unakunywa pombe, na kama sikio la upande mmoja linauma. Pumzi ikianza kukoroma au ukishindwa kumeza mate, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.