Kostiki soda haikupi sabuni ya maji, mpenzi

Juzi msomaji wa Igoma kaniandikia: "Dada, nimeyeyusha mche wa sabuni niuze sabuni ya maji, asubuhi nakuta ndoo nzima imeganda. Niongeze maji?" Hapana mpenzi. Utapata uteute tu, na mteja hatarudi.

Sabuni ni chumvi inayotokana na mafuta. Ukipikia kostiki soda unapata chumvi ya sodiamu, ambayo kwa mawese haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi. Ndiyo maana mche unakauka na kukatika. Ukipikia kostiki potashi unapata ya potasiamu, inayoyeyuka upesi na kubaki laini.

Swali hilo la soda au potashi niliwahi kuliuliza kwenye semina ya ujasiriamali hapa Mwanza. Mkufunzi, tai shingoni, akanijibu mbele ya watu: "Mama, soda ni soda, wewe koroga tu." Ukumbi ukaangua kicheko, na aliyekaa pembeni yangu akanifinya nikae. Sijasahau. Leo wachuuzi wa samaki pale Mwaloni Kirumba wananipigia simu wenyewe kuulizia madumu yangu, maana shombo inatoka na povu halikwami kwenye chupa. Yeye sijui anafundisha wapi.

Ila msije mkadhani potasiamu inashinda kila mahali. Gramu 100 za maji kwenye nyuzi 20 zinayeyusha gramu 36 hivi za chumvi ya mezani, ambayo ni ya sodiamu, lakini mwenzake wa potasiamu, kloridi ya potasiamu, gramu 34 tu. Yachemshe maji uone: chumvi ya mezani inafika 39, mwenzake anaruka hadi 56. Kila chumvi na tabia yake, kwa hiyo usikariri, pima.

Kupima kwenyewe ndiko mnakokimbia. Mnataka gari, kiwanda na lebo ya rangi, mizani hamna! Penye gramu 40 za soda weka 56 za potashi, na zaidi kidogo, kwa sababu ya dukani haiji safi na inanyonya unyevu kopo likiachwa wazi. Vaa glavu, potashi uitie kwenye maji, si maji kwenye potashi.

Na acheni kumwaga chumvi ya mezani ndani ya sabuni ya potasiamu ili iwe nzito. Chumvi hiyo ni sodiamu. Ukiizidisha, sabuni inajitenga na maji, inaelea juu mabonge mabonge, na pesa ya potashi imekwenda.