Mkuu usikiri kesi ya kujeruhi kabla hujaelewa unachokiri

Mkuu subiri kwanza. Kwenye post yako unasema umeshtakiwa kwa kumjeruhi jirani, unauliza barua ya mdhamini itoke wapi, mara nani alipe hospitali, alafu katikati umepitisha kama kitu kidogo kwamba shemeji yako kakwambia Jumatatu mahakamani ukiri tu, upigwe faini yaishe. Jirani kakufuata na panga kwenye mpaka wa shamba, wewe ukamtandika mpini wa jembe mkono ukavunjika, alafu ukakiri? Huyo shemeji anakupeleka nilikopelekwa mimi.

Mimi ni fundi kuchomelea, Morogoro. 2016 mteja alikuja gereji kalewa anadai geti lake, akanirushia nondo ikanipita begani, akachukua nyingine, nikamuwahi na spana mfupa wa mkono ukavunjika. Nikashtakiwa kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kinafika miaka 7. Nje ya mahakama kulikuwa na kishoka mmoja, wakili feki, kavaa suti kashika mafaili, akachukua elfu hamsini yangu akanambia hakimu hapendi usumbufu, wewe kubali, faini laki tatu, jioni unalala kwako. Mpaka leo nikimkumbuka moyo unawaka. Yule mtu alikuwa anauza miaka ya watu kwa elfu hamsini hamsini, na kesho yake yuko pale pale anasubiri mwingine.

Nikasomewa shtaka, nikajibu "ni kweli nilimpiga". Mwendesha mashtaka akasoma maelezo kwamba nilimvamia mtu bila sababu yoyote, PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, ikatolewa, hakimu akaniuliza kama hayo yote ni kweli, nikasema ni kweli yote mheshimiwa. Nilikuwa nawaza faini tu. Habari ya nondo haikutajwa na mtu, na mimi ndo nilitakiwa niiseme dakika ile ile. Miaka miwili jela, mke kauza mashine ya kuchomelea ili watoto wale.

Nilipokata rufaa ndo nikafundishwa. Kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema ukishakiri huwezi kukatia rufaa hatia, unapinga adhabu tu, na kwa maamuzi ya mahakama labda uoneshe kukiri kwako kulikuwa na utata au hukuelewa shtaka. Ule utaratibu wa kukusomea shtaka, alafu maelezo, alafu kukuuliza tena, upo tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973 kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, umewekwa kumlinda mshtakiwa, na kwangu ulifuatwa vizuri, kwa hiyo rufaa ikatupwa.

Sasa nisikilize. Shtaka kama hilo lina vitu vinne: wewe ndo ulimpiga, kaumia, maumivu yenyewe ni makubwa, na ulifanya isivyo halali. Ukisema nakiri umekubali vyote vinne wakati wewe unachokubali ni kumpiga tu. Kwenye "isivyo halali" ndo kesi yako yote ilipo maana kujihami ni haki, kipo kifungu cha 18A cha Kanuni ya Adhabu hiyo hiyo, ila nguvu iendane na hatari, ndo maana lile panga lazima lisemwe na aliyeliona aje kusema. Na hayo madhara makubwa yametafsiriwa kwenye kifungu cha 5, jeraha la hatari, au la kuharibu afya vibaya, au kilema, au kuharibika sura moja kwa moja. Kama ni ufa mdogo wa mfupa inaweza kushuka ikawa shambulio la kudhuru mwili, 241, miaka 5. Daktari aliyejaza PF3 una haki ya kuomba aitwe umuhoji, mimi sikuambiwa na mtu.

Na usiende kujitetea eti sikukusudia kumvunja. Nia ya kumdhuru vibaya inatafutwa kwenye 222, kile cha kifungo cha maisha, 225 haisubiri mpaka uwe ulipanga kuvunja mfupa.

Usikiri! Jumatatu wakikuuliza jibu "si kweli", na hujadanganya, maana unachokataa ni kwamba ulifanya isivyo halali. Omba nakala ya hati ya mashtaka na PF3, tafuta wakili mwenye leseni, kama hela hakuna nenda wanakotoa msaada wa kisheria, shemeji mwache nyumbani. Ukitoka mahakamani rudi hapa utuambie daktari kaandika nini.